Chanjo Ikiwa Haitoshi, Nani Awe wa Kwanza?

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, katika semina ya afya ya jamii

Katika mkutano uliopita mlituomba jambo moja. Mlisema: "Tuelezeni, ile siku ya chanjo mwaka wa 2021 mambo yaliharibikia wapi? Na ugonjwa mwingine ukija, tufanyeje?" Leo tumekuja kujibu. Tutaanza kwa kukubali kosa letu. Kisha tutakwenda mbali kidogo, mpaka kwenye vyuo vya Marekani, tuone wao walipangaje. Halafu turudi nyumbani.

SIKU ILE YA ALHAMISI

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Chanjo za kwanza za Korona zilifika Kenya tarehe 3 Machi 2021. Zilikuwa dozi milioni moja na kidogo, za aina ya AstraZeneca. Na sisi, kwa hesabu ya watu ya mwaka wa 2019, tulikuwa zaidi ya milioni 47. Kazi ya kuchanja ilianza tarehe 5 Machi. Walioanza ni wahudumu wa afya, wakafuata walimu na askari, na baadaye wazee wa miaka 58 na zaidi.

Sisi wa ofisi ya maendeleo tuliposikia wazee wameruhusiwa, tulifurahi sana. Tukatangaza kanisani, tukatangaza sokoni, tukamwomba chifu atangaze kwenye baraza: "Alhamisi wazee wote waje kituoni." Hatukuuliza ni dozi ngapi zitakuja. Hatukuandika jina la mtu yeyote. Tuliita tu.

Alhamisi ikafika. Watu walikuja karibu 200. Kikasha cha baridi kikaletwa, ndani mna chupa sita. Kila chupa ni watu kumi. Kwa hivyo ni watu 60. Hata kabla ya saa tatu asubuhi basi la chuo cha jirani likaingia na walimu wake, nao wameambiwa waje siku hiyo hiyo. Walichanjwa upesi. Wenye nguvu miongoni mwetu wakasukumana, nao wakapata. Saa sita mchana chupa zote zilikuwa tupu.

Kulikuwa na mama mmoja wa miaka zaidi ya 80, aliyekuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya mto. Alikaa chini ya mti tangu alfajiri. Alipoambiwa dawa imekwisha, alituangalia akasema: "Mlituita tuje kutazama wengine wakidungwa?" Hatukuwa na la kumjibu.

Mzee mmoja aliyerudi nyumbani hivyo hivyo alifariki miezi miwili baadaye. Hakupimwa, kwa hivyo hatuwezi kusema ilikuwa Korona. Lakini watoto wake wametuuliza swali, na swali hilo bado linatukaa moyoni.

Na kuna sehemu ya pili ya kosa. Chanjo zilipoletwa tena, tuliita tena. Safari hii walikuja watu wanne. Nesi akafungua chupa moja ya watu kumi, maana hangewafukuza. Chupa ikishafunguliwa ina saa sita tu. Tulikimbia huku na huku kutafuta watu, hatukupata. Dozi sita zikatupwa. Basi oneni: mara ya kwanza watu walikosa dawa, mara ya pili dawa ikakosa watu. Kilichopotea katikati si dawa. Ni imani ya watu.

KWA NINI TUNAZUNGUMZA JUU YA VYUO?

Siku ile wengi wetu tulilaumu walimu wa lile basi. Tukasema wametupora zamu. Lakini tulipotulia tulikumbuka jambo moja: walikuja na orodha. Jina, umri, namba ya kitambulisho, yote yamepigwa chapa. Karani wao aliitoa mfukoni, nesi akaanza kuita majina. Sisi tulikuwa na umati tu. Na zaidi ya hayo, walimu walikuwa kweli katika kundi lililoruhusiwa. Kosa lao lilikuwa wapi? Walijipanga.

Ndipo tukaanza kuuliza jinsi vyuo vinavyopanga chanjo. Binti wa mwanakikundi mmoja wetu alisomea uuguzi huko Marekani, na mwaka wa 2021 alisaidia kuchanja wenzake chuoni. Aliporudi likizo tulimketisha, akatueleza. Mengine tumeyasoma.

Sasa mtu atasema: "Chuo cha Marekani na kijiji chetu, wapi na wapi?" Hebu fikirini. Chuo nacho ni kijiji. Kina watu wanaolala chumba kimoja na kula meza moja. Kina vijana wengi, lakini pia kina wapishi, wafagiaji, walinzi, na walimu wenye mvi. Kina kliniki moja yenye wauguzi wachache. Na kama dispensari yetu, kliniki hiyo haitengenezi chanjo. Inangoja iletewe. Pesa wanazo kuliko sisi, hilo ni kweli. Lakini chanjo ikiwa chache ni chache, hata kwa tajiri. Kwa hivyo nao walilazimika kujibu swali letu: nani awe wa kwanza?

JAMBO LA KWANZA: ZAMU IFUATE UGONJWA

Tuchukue magonjwa mawili, tulinganishe.

Mwezi wa Aprili 2009 homa mpya ya mafua ilionekana Meksiko na Marekani. Watu waliiita homa ya nguruwe. Tarehe 11 Juni mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba homa hiyo imeenea dunia nzima. Homa hii ilikuwa na tabia ya ajabu. Iliwashika vijana na watoto kuliko wazee. Wazee wengi walikuwa na kinga kiasi, iliyotokana na mafua yaliyopita walipokuwa wadogo. Basi, mwezi wa Julai 2009, kamati ya wataalamu wa chanjo ya Marekani ilitaja makundi matano ya kuanza nayo: wanawake wajawazito, watu wanaoishi na watoto wachanga wa chini ya miezi sita au kuwatunza, wahudumu wa afya, watu wote wa miezi sita mpaka miaka 24, na watu wa miaka 25 mpaka 64 wenye magonjwa ya kudumu kama pumu na kisukari.

Mnaona? Mwanafunzi wa miaka 20 alikuwa mbele. Profesa wa miaka 66, mwenye afya nzuri, aliambiwa angoje.

Miaka 12 baadaye ikaja zamu ya chanjo ya Korona. Korona iliua wazee zaidi. Basi orodha ikageuzwa juu chini. Katika vyuo vile vile, wahudumu wa kliniki walitangulia, pamoja na wanafunzi wa uuguzi na udaktari wanaogusa wagonjwa. Kisha kila jimbo likapanga zamu zake, wakiwamo wazee na wenye magonjwa. Kijana mwenye afya alikuwa karibu na mwisho wa foleni. Tarehe 19 Aprili 2021 ndipo watu wazima wote wa nchi ile waliporuhusiwa.

Chuo ni kile kile, mwanafunzi ni wa miaka ile ile. Mwaka wa 2009 ni wa kwanza, mwaka wa 2021 ni wa mwisho. Kwa nini? Kwa sababu zamu haikufuata cheo, wala ada, wala nani ana sauti kubwa. Ilifuata swali moja: ugonjwa huu unamuumiza nani zaidi, na nani anaweza kuupeleka kwa wengine walio dhaifu?

Hili tulishike. Katika vikundi vyetu tunazoea kusema mwenyekiti aanze, au mgeni aanze, au "mzee daima kwanza." Heshima ni nzuri. Lakini ugonjwa haujui mwenyekiti. Safari moja utadai wazee watangulie, safari nyingine utadai wajawazito na watoto. Tukiwa na orodha moja tu ya kudumu, tutakosea.

JAMBO LA PILI: JUA WATU WAKO KABLA DAWA HAIJAFIKA

Kliniki ya chuo inayojipanga vizuri haingoji sanduku lifike ndipo ihesabu watu. Inajua mapema: wanaolala bwenini ni wangapi, wanaotoka nje ni wangapi, wafanyakazi ni wangapi. Inajua wenye pumu, wajawazito, na wanaokwenda hospitali kwa mafunzo.

Faida yake ilionekana mwaka wa 2009. Chanjo za kwanza za homa ya nguruwe zilifika mwanzoni mwa Oktoba, na nyingi hazikuwa za sindano. Zilikuwa za kupulizwa puani. Sasa ile ya puani iliruhusiwa kwa watu wenye afya wa miaka 2 mpaka 49 tu. Mjamzito hakuruhusiwa, wala mwenye pumu. Yaani sanduku limefika, watu wanashangilia, lakini walio hatarini zaidi hawawezi kuitumia. Kliniki yenye orodha ilijua mara moja: hawa wapewe ya puani leo, hawa tuwahifadhie sindano zikija. Kliniki isiyo na orodha ingemwita mjamzito, apange foleni saa mbili, kisha aambiwe arudi nyumbani. Hiyo mnaijua. Ni ile Alhamisi yetu.

JAMBO LA TATU: ANGALIA KALENDA

Mkulima anajua kwamba mbegu nzuri ikija baada ya mvua haina faida. Chanjo ni hivyo hivyo.

Mwaka wa 2009 serikali ya Marekani ilitarajia chanjo nyingi kufikia Oktoba. Lakini virusi vya chanjo hukuzwa ndani ya mayai ya kuku, na vile vilikua polepole. Vyuo vilifunguliwa Agosti na Septemba, wanafunzi wakajazana mabwenini, na homa ikafika kilele mwishoni mwa Oktoba wakati chanjo bado ni haba. Zilipokuja kuwa tele, ilikuwa Desemba. Homa imepungua, wanafunzi wako kwenye mitihani, wengine wanafunga mizigo kwenda Krismasi. Dawa ipo, watu hawana haja nayo tena. Homa ile, kwa makadirio ya serikali yao, iliua watu wapatao 12,500 nchini humo kwa mwaka mmoja, na wengi hawakuwa wazee.

Mwaka wa 2021 kalenda iliwabana kwa njia nyingine. Chanjo ya Pfizer ilihitaji sindano mbili, ya pili baada ya siku 21. Ya Moderna, siku 28. Sasa pigeni hesabu. Kijana ameruhusiwa tarehe 19 Aprili, akachanjwa Pfizer siku hiyo. Ya pili ni tarehe 10 Mei. Na vyuo vingi hufunga mwezi wa Mei! Atakuwa ameshapanda ndege kwenda kwao. Vyuo vilikuwa na njia kadhaa: kumpa kadi inayoonyesha aina ya chanjo na tarehe, amalizie kwao, au kumruhusu aliyechanjwa ya kwanza kwao aje amalizie chuoni. Wengine waliitegemea chanjo ya Johnson & Johnson, kwa sababu ni sindano moja tu. Lakini tarehe 13 Aprili serikali ikaomba chanjo hiyo isimamishwe, maana watu wachache sana walipata kuganda kwa damu. Iliruhusiwa tena tarehe 23 Aprili, na onyo. Siku kumi tu, lakini kwa chuo kilichoweka matumaini yote hapo, mpango wote ulivunjika.

Fundisho ni nini? Uwe na mpango wa pili. Na sisi hapa tuliyaona: walipochanjwa wa kwanza mwezi wa Machi 2021 waliambiwa warudi baada ya wiki nane. Kisha India ikazuia chanjo kutoka nje, na muda ukasogezwa mpaka wiki 12. Wangapi kati yetu tuliandika tarehe hizo mahali? Wengi walisahau.

JAMBO LA NNE: BARIDI NA UKUBWA WA SANDUKU

Hapa mtacheka, lakini ni jambo kubwa. Chanjo ya Pfizer mwanzoni ilihitaji baridi ya kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Friji ya nyumbani haiwezi, hata ile ya kugandisha nyama haiwezi. Vyuo vikubwa vilikuwa na majokofu kama hayo kwenye maabara zao, vikayatumia. Tena chanjo hiyo ilikuja kwa trei ya chupa 195. Kila chupa ilihesabiwa watu watano, kwa hivyo trei ni dozi 975. Sasa chuo kidogo chenye watu 600 kitafanya nini na dozi 975, ambazo wakati huo zikitolewa kwenye baridi kali na kuwekwa kwenye friji ya kawaida zilikaa siku tano tu?

Chuo kidogo chenye akili hakikung'ang'ania kuwa na sanduku lake. Kiliungana na ofisi ya afya ya wilaya yao, au na chuo kikubwa cha jirani. Au kilingoja Moderna, iliyokuja kwa sanduku la dozi 100 na kukaa kwenye friji ya kawaida siku 30. Sisi tunaita hiyo harambee.

Na chupa ikishafunguliwa, saa zinahesabiwa. Kwa hivyo walikuwa na orodha mbili. Ya kwanza ni ya watu wenye miadi. Ya pili ni ya akiba: watu walio karibu, wenye simu, wanaoweza kufika kwa dakika 20. Ikifika saa kumi jioni na chupa ina dozi tatu zimebaki, wanapigiwa simu watatu. Hakuna kumwaga. Lile tatizo letu la dozi sita lingekwisha kwa karatasi moja na kalamu.

JAMBO LA TANO: NJIA YA KUPITIA

Yule binti alitueleza kwamba walitumia jumba la michezo. Mtu anaingia mlango mmoja, anatokea mwingine. Hakuna kurudi nyuma, hakuna kugongana. Anapita vituo vinne.

Kwanza, anaulizwa: una homa leo? Umewahi kuvimba au kushindwa kupumua baada ya sindano?

Pili, anaandikwa: jina, aina ya chanjo, namba ya fungu la chanjo, tarehe.

Tatu, anachanjwa.

Nne, anaketi dakika 15 akiangaliwa. Aliyewahi kupata shida kubwa anaketi dakika 30. Hapo kuna nesi na dawa ya dharura. Vijana wengine huzirai kwa kuogopa sindano tu, kwa hivyo viti ni muhimu.

Hata viti walivipigia hesabu. Tuseme nesi mmoja anachanja watu 12 kwa saa. Manesi watano ni watu 60. Kila mtu akiketi dakika 15, wakati wowote wapo watu 15 wameketi. Basi weka viti 15, na vingine vichache vya wale wa dakika 30. Ukiweka viti vitano, watu watasimama mlangoni na foleni yote itakwama. Ukimwita kila mtu aje saa mbili asubuhi, utakuwa na fujo saa mbili na ukumbi mtupu saa nane. Kwa hivyo kila mtu hupewa saa yake.

Walijuaje haya? Walifanya mazoezi. Kila mwaka vyuo vingi huchanja wanafunzi dhidi ya mafua ya kawaida, na siku hiyo huitumia kama mazoezi ya siku ya shida. Wanafunzi wa uuguzi na wa famasia husaidia, wakisimamiwa. Walipofikiwa na Korona, hawakuwa wanajifunza kupanga viti.

JAMBO LA SITA: MOYO WA MTU

Mpaka hapa tumezungumza mambo ya daftari. Lakini unaweza kuwa na viti, friji na orodha, na watu wasije. Tarehe 25 Machi 2021 Chuo Kikuu cha Rutgers, huko New Jersey, kilitangaza kwamba wanafunzi watakaorudi baada ya likizo lazima wawe wamechanjwa, ila wenye sababu za afya au za dini. Kilikuwa cha kwanza, na baadaye vyuo zaidi ya 1,000 vikafuata. Wengine walikataa. Wanafunzi wanane wa Chuo Kikuu cha Indiana walikwenda kortini mwaka huo huo, na korti zikakataa kusimamisha sharti hilo. Tangu wakati huo vyuo vingi vimeliondoa.

Hatusemi kama walifanya vizuri au vibaya. Tunasema hivi: sisi katika kijiji hatuna sharti la kumfungia mtu. Tunalo neno letu tu. Yule binti alisema kilichosaidia zaidi darasani kwake si tangazo la mkuu wa chuo. Ni jioni moja ambapo nesi aliketi na wanafunzi, akajibu maswali yote bila kuwacheka. Mmoja aliuliza juu ya kuzaa. Mwingine alisema watu weusi wa nchi ile waliwahi kufanyiwa utafiti wa kuwadanganya, na ni kweli: kwa miaka 40, toka 1932 mpaka 1972, wanaume weusi wa Tuskegee, jimbo la Alabama, waliachwa na kaswende bila kutibiwa ili waangaliwe tu. Nesi hakukana. Alikubali, kisha akaeleza ni nini kimebadilika. Wengine wakaja kesho yake.

Mtu akiuliza swali, si adui. Anatupa nafasi.

TURUDI NYUMBANI

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya Korona imekwisha. Lakini ugonjwa mwingine utakuja, siku hatuijui. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi tunapendekeza kila kikundi kifanye haya, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

1. Karani awe na daftari la afya. Kila nyumba: watu wangapi, umri wao, wajawazito, wasioweza kutembea. Ugonjwa wa mtu usiandikwe bila ruhusa yake, na daftari likae kwa mtu mmoja mwaminifu. Lirekebishwe kila miezi sita.

2. Kabla ya kutangaza, mtu mmoja aende dispensari aulize: dozi ngapi, aina gani, siku gani, zinafaa nani? Akiambiwa 60, tuite 60, na 10 wa akiba. Wengine waambiwe mapema: "Zamu yenu bado, na jina lenu liko."

3. Tukubaliane juu ya utaratibu wa zamu katika mkutano, mbele ya wote, tukimsikiliza mhudumu wa afya. Ukiamuliwa chumbani na watu watatu, hata ukiwa wa haki, hautaaminika.

4. Kila mtu apewe namba na saa. Asiyeweza kutembea atafutiwe pikipiki, au nesi aombwe amfikie.

5. Tujue majirani zetu. Chuo kilicho karibu kina ukumbi, viti, gari, na vijana wenye nguvu. Sisi tuna daftari la wazee. Kwa nini tugombane mlangoni? Twende tukamwone mkuu wa chuo sasa, kabla ya shida, tupange pamoja.

6. Tufanye mazoezi. Watoto wetu huchanjwa surua kliniki kila mwezi. Siku moja kikundi kijitolee kupanga foleni na viti, tuone tutakwama wapi.

7. Kazi ikiisha, tutoe hesabu: zilikuja ngapi, zilitumika ngapi, nani bado. Kama tunavyosoma hesabu ya mchango, mweka hazina akisimama.

Jambo la mwisho. Mwezi uliopita tulivuka mto tukaenda kwa yule mama. Bado yuko hai, tunashukuru. Tulimwomba msamaha. Alitukaribisha chai, akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Safari nyingine andikeni jina langu kwanza, ndipo mniite."

Ndugu zetu, vyuo vya Marekani vina majokofu na kompyuta. Lakini mwisho wa yote walifanya lile alilotuambia mama huyu. Waliandika jina kwanza, ndipo wakaita. Sisi tuliita kwanza. Leo kabla hatujaondoka, kila karani atapewa daftari moja. Ukurasa wa kwanza uanze na wale wanaoketi mbali zaidi.



MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

- Katika kijiji chetu, nani husahauliwa kila mara kitu kinapogawanywa? Kwa nini?
- Kama dozi 60 zingefika Alhamisi ijayo na sisi ni 200, tungeamuaje zamu? Nani angeketi kuamua?
- Ni mtu gani tunayemwamini kutunza daftari la afya bila kutoa siri?
- Chuo au shule gani iko karibu nasi? Nani atakwenda kuzungumza nao, na lini?